Begi Linalofunguka Mgongoni

Mzee Nishiwaki alikuwa mkaguzi wa zipu. Sitanii. Upande wa Sakai kuna kiwanda kidogo cha zipu, na kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza ileile akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, na kutupa pembeni zile zenye kigugumizi. Mtu wa aina hiyo huwezi kumuuzia begi. Unamsindikiza mlangoni kwa adabu. Mimi nilimuuzia.

Duka letu la kamera liko Osaka, juu ya kinyozi. Mimi niko upande wa mabegi, kwa sababu stashahada yangu ya upigaji picha niliiacha katikati, na bosi anaamini kwamba mtu aliyeishia nusu ya safari anaijua mizigo. Kwenye malipo hukaa dada Hatanaka, mwenye ulimi usiohitaji kunolewa.

Mzee alikuja Jumapili ya kwanza ya Septemba, kavaa shati jeupe la kazini ingawa ilikuwa siku ya mapumziko, na kamera kaifunga kwenye kitambaa kama chakula cha mchana. Akaifungua juu ya kaunta. Ilikuwa kamera ya filamu, ya marehemu baba yake, nzito kama tofali. Halafu akaanza kutoa vingine kimoja kimoja: sanduku la chakula, chupa ya chai, mwavuli wa kukunja, na ndara za ofisini ndani ya mfuko wa nailoni.

"Unahama, mzee?" nikamuuliza.

"Naenda kazini. Vyote hivi viingie, na kamera isiguswe na kitu. Begi lisifanane na la kupandia milima, wala la mwanafunzi. Mvua isipite. Na niweze kuitoa kamera, kupiga na kuirudisha kwa sekunde nne."

"Kwa nini nne?"

"Treni inapita kwa sekunde nne."

Nikadhani ni mmoja wa wale wanaopiga picha za treni, tunao wengi, wanakesha kwenye madaraja kama kunguru. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ndani ya treni.

Mama yake, bibi Tomie, ana miaka themanini na sita na anaishi ghorofa ya tatu ya nyumba ya wazee iliyo kando kabisa ya reli. Kila siku ya kazi, saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, treni ya mwanawe hupita mbele ya dirisha lake. Bibi husimama pale na taulo la njano, lile la kuogea, akalipunga. Hamwoni mwanawe. Anaona mstari wa vioo ukikimbia, basi. Mzee Nishiwaki naye, akiwa amebanwa kwenye mlango wa kulia, humjibu kwa kidole kimoja, kwa kuwa ukiinua mkono mzima kwenye treni ya Osaka watu watadhani unawasalimia, na itabidi wajibu.

Hayo yalikwenda miaka minne. Halafu Jumapili moja, akimenya chenza, bibi akasema: "Mimi sijawahi kujiona unavyoniona. Nipige picha, nione kama bado nina sura ya mtu wa kupungiwa."

Wiki hiyohiyo lilibandikwa tangazo: kando ya reli kungejengwa ukuta wa kuzuia kelele, na ungepita mbele ya madirisha yote ya nyumba ile kabla ya Oktoba kwisha.

"Si mlalamike," alisema dada Hatanaka kutoka kwenye malipo. "Wazee wakilalamika mji mzima unainama."

"Ukuta umeletwa na malalamiko ya wazee," mzee akasema. "Miaka mitatu nyuma walipitisha karatasi chumba kwa chumba, treni zina kelele. Mama naye akagonga muhuri wake wa kukubali."

"Na anayapungia hayo matreni kila siku?"

"Ghorofa nzima ilikuwa imegonga. Angefanyaje?"

Dada Hatanaka akarudi kuhesabu chenji zake.

Nilimwambia atumie simu. Akasema mama hataki picha ya simu, picha ya simu haina karatasi. Nikamwambia aishike kamera mkononi toka stesheni. Akanitazama kwa huruma. "Kijana, mimi nina miaka hamsini na saba. Nisimame na kamera mkononi, ndani ya treni iliyojaa wasichana wa shule?" Nikakubali. Polisi wangemfikia kabla ya dirisha. Nikamwambia aende Jumamosi, treni tupu, apige atakavyo. Hilo alishalipeleka kwa mama, na mama alishalikataa: Jumamosi anakuwa anampungia nani? Anataka picha ya mwanawe akienda kazini.

Basi tukaanza. Kila Jumapili alikwenda kwa mama yake, akatoka huko na chenza mbili za dada Hatanaka, akaja kuvuta zipu. Begi la kwanza zipu ilikuwa na meno makali. La tatu ilikuwa laini mno, akasema laini hivyo si tabia, ni udhaifu, itaachia siku ya mvua. La saba lilikuwa zuri, lakini kichwa cha zipu kilining'inia kikagonga chuma: "Ofisi nzima itajua nimefika." La kumi na moja alilivuta mara moja tu, akalirudisha kwenye ndoano polepole, kama anayemrudishia mtu mtoto mwenye mafua.

"Bwana harusi wako amefika," dada Hatanaka alikuwa akiniambia kila akisikia viatu vyake kwenye ngazi. "Leo atakuoa au atakukagua tena?"

Nasi tukicheka, ukuta ulikuwa unakuja. Mafundi walianzia upande wa stesheni, wakasimika nguzo kwanza, kisha mbao za kijivu katikati ya nguzo. Mzee alizihesabu kila asubuhi kwenye kioo cha treni. Jumapili ya nne zilibaki nguzo ishirini na sita kufika dirisha la mama. Ya tano, kumi na moja. Ya sita akapanda ngazi bila chenza. "Kesho jioni wanafika kwake," alisema. "Nimebakiwa na asubuhi moja."

Nikamletea begi la kumi na tisa. Jeusi, turubai nene, umbo la begi la mfanyakazi mwenye heshima. Zipu yake iko mgongoni: ile sehemu inayolalia mgongo wako ndiyo mlango. Lilibuniwa hivyo kwa ajili ya wezi wa miji ya mbali. Ukishalivaa, hakuna mkono utakaoingia. Sisi tulikuwa tunaliuza Osaka, ambako ukiangusha glavu moja mtu huiokota na kuivika kwenye uzio, ikusubiri.

Mzee akaivuta zipu. Akairudisha. Akaivuta tena, macho kayafumba, mara kumi, mara ishirini. Uso wake ulilainika kama wa mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Hii," akasema, "aliyeishona alilelewa."

Vitu vyake vyote vikaingia. Ndara chini, chakula juu yake, kamera kwenye sponji yake kama yai. Nikamwonyesha kimfuko cha ndani kabisa, cha simu, akatia simu yake papo hapo, akakigonga mara mbili kwa vidole. Kisha nikamwambia alivae mbele, maana kwenye treni ya asubuhi kila mtu huhamishia begi kifuani. Ukiliacha mgongoni unamsukuma wa nyuma yako, na watu wataanza kukutazama viatu. Dukani tuna kioo na mpini wa kuning'inia, kama ule wa kushikilia kwenye treni, kwa ajili hiyo. Akalivaa kifuani, akashika mpini, akajitazama.

Mkono wake wa kulia ulishuka kutafuta zipu. Ukagusa turubai, ukazunguka pembeni, ukafika kwenye shati lake mwenyewe, ukarudi kushika mkanda.

Niliona. Zilikuwa zimebaki dakika tano tufunge, dada Hatanaka alishaanza kuchezesha funguo, na Jumapili zangu sita zilikuwa zimeliwa na meno ya zipu. Nikajiambia, huyu ni mkaguzi, miaka thelathini na mitatu, mimi ni nani.

"Limekukaa, mzee," nikasema.

Jumatatu, baada ya kazi, alikuja na begi bado liko kifuani.

"Treni ilisimama," mzee akasema.

"Ilisimama wapi?"

"Mbele ya dirisha. Mafundi walikuwa wanakagua reli. Dereva akatuomba radhi, akasema dakika tatu. Dakika tatu, kijana. Miaka minne napewa sekunde nne nne, leo napewa dakika tatu nzima."

Bibi alikuwepo. Kwa mara ya kwanza mzee aliona kwamba taulo lina maua pembeni, na kwamba mama amejipaka rangi ya mdomo. Bibi naye, alipoona treni imesimama, alidhani mwanawe kapanga na dereva. Akajiweka sawa. Akapunga polepole, kwa mapozi, huku na huku, ili picha itoke vizuri.

Mzee alikuwa amebanwa. Begi lilikuwa kati ya kifua chake na mgongo wa mwanafunzi mrefu, na mlango wa begi ulikuwa umelala juu ya shati lake. Ili aufungue ilibidi avue mikanda yote miwili, aliinue begi juu ya vichwa vya watu, aligeuze. Akasema, "Samahani." Watu waliokuwa karibu wakasikia mtu akiomba radhi, nao wakainamisha vichwa, wakajikunja zaidi ili wasimsumbue. Akasema tena samahani, chini zaidi. Mama mmoja akamjibu, "Hapana, sisi ndio samahani."

"Na simu?" nikauliza.

"Ndani ya begi. Kile kimfuko ulichonionyesha."

Nilitazama sakafu. Dada Hatanaka akasema taratibu, "Kaka, si ungewaambia tu. Naomba nafasi, nampiga mama yangu picha. Wangekupa."

"Wangenipa," akasema mzee Nishiwaki. "Behewa zima lingegeuka, likamtazama mama kwenye nguo ya kulalia. Wangetabasamu. Kesho na keshokutwa tungesafiri pamoja, mimi na wao, na wao wanajua." Akakaza mkanda wa begi. "Nilikuwa najiandaa kusema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ndipo treni ikaondoka."

Jioni hiyohiyo mbao za kijivu ziliwekwa.

Mzee alikuwa ameshampigia simu mama. Aliulizwa, "Umepata?" akajibu, "Nimepata." Akaulizwa italetwa lini, akasema filamu iko dukani kwetu, inasafishwa. Ndiyo maana alikuja. Aliinama mbele yangu mpaka begi likagusa kaunta, akaniomba nisimwangushe.

Bibi alipiga simu dukani Alhamisi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikuwa ya mtu wa kudanganywa.

"Ni wewe kijana wa mabegi? Mwanangu anasema una mikono mizito. Picha yangu iko wapi?"

"Mashine imeharibika, bibi."

"Mashine gani? Mume wangu alikuwa anasafisha filamu kwenye beseni la kufulia."

"Siku hizi ni mashine."

"Ndiyo maana zinaharibika. Nimetoka mzuri?"

"Bado hatujaiona, bibi."

"Nilisimama dakika tatu nzima. Nikitoka nimefumba macho, usinidanganye, mimi si mteja."

Alhamisi iliyofuata akapiga tena, na iliyofuata. Nilisema kipuri kinatoka Tokyo. Nilisema fundi anaumwa. Niliwahi kudanganya wateja wengi, hiyo ni sehemu ya ajira, lakini hao walikuwa wanaondoka na kitu mkononi. Mwishoni mwa Novemba akauliza swali lingine.

"Huo ukuta, una tundu lolote kwa upande wao?"

"Sijui, bibi. Sidhani."

"Mimi nauona ukuta mtupu. Lakini saa moja na dakika arobaini na moja naisikia. Basi napunga kwa kusikia. Picha ikitoka na kasoro, atapata nafasi ya kupiga nyingine."

Nikamwambia nakata simu kwa sababu kuna mteja. Hakukuwa na mteja.

Jumapili hiyo viatu vilipanda ngazi. Mzee aliweka begi lake jeusi juu ya kaunta, safi kabisa, halina hata mkwaruzo, akapanga vitu vyake vyote kando yake: kamera, chakula, chupa, mwavuli, ndara.

"Nataka linalofunguka ubavuni," akasema. "Ambalo likiwa kifuani naweza kuingiza mkono."

Nilitaka kumuuliza la nini sasa. Badala yake nikamwambia, "Mzee, mama yako bado anapunga."

"Najua. Na mimi bado nasimama mlango wa kulia."

"Kuna nini cha kuona?"

"Kijivu. Kisha nguzo. Kisha kijivu." Akanyoosha kidole kimoja, kile cha kujibia, akakitazama kama mali ya mtu mwingine, akakikunja.

Nikashusha mabegi matano yenye mlango wa ubavuni. Akavaa la kwanza kifuani, akashika mpini wa kuning'inia, akajitazama kwenye kioo. Mkono wa kulia ukashuka, ukaikuta zipu palepale ilipotakiwa kuwa. Akavuta. Mlango ukafunguka, kamera ikawa mkononi, nami nikahesabu kimoyomoyo: sekunde tatu.

Akairudisha. Akavuta tena, macho kayafumba.

"Inashika kidogo mwishoni," akasema. "Nionyeshe nyingine."