Sufuria za Mama Mutua

Wasee, leo nimeosha sufuria za mama nisiyemjua, mbele ya kamera. Chekeni mmalize kwanza, halafu msome.

Mnajua kipindi chetu cha vichekesho hakina skripti. Tunapewa mada tu, mengine tunajitungia papo hapo.

Leo tulikuwa kwa ploti moja ya nyumba za kupanga, Kayole, Nairobi. Mada: wanaume wanaofungia wake zao nje.

Nikafunga mlango. Mwigizaji mwenzangu akabisha, akalia. Mimi niko dirishani natamba.

Mara mama mmoja akapanda ngazi na beseni la vyombo. Wanamwita Mama Mutua.

"Fungua."

Nikafungua. Sauti ile hata wewe ungefungua, usijidanganye.

Akaninyang'anya ufunguo. "Kaa hapa uoshe, tuongee."

Nikamtazama dairekta aniokoe. Dairekta anacheka, kamera inaendelea.

Basi nikasugua masizi huku nasemwa. "Kwani ulioa mlango?" Ploti nzima imejaa kwenye balkoni, watu hawana mbavu.

Nilipomaliza nikamwambia kwa upole, "Mama, hii ni ya TV. Tunaigiza tu."

"Najua, kijana wangu. Huwa nawaona kila Jumapili." Akashusha sauti. "Lakini huyo jirani wa juu alimlaza bibi yake nje juzi. Nikienda kubisha, hafungui. Leo ametoka mwenyewe kusikiliza."

Nikaangalia juu, aliponionyesha kwa macho. Bibi yake alikuwa bado anacheka pale balkoni. Jamaa alikuwa anarudi ndani polepole, macho chini.

Mlango akauacha wazi.