Safu ya Sita

Kaka yangu Kalisti alikuwa mtu wa rula. Hata barua ya salamu kwa mama aliipigia mistari kwanza, na ukimcheka anakutazama mpaka unanyamaza. Alifundisha darasa la pili kwenye shule ya misheni kwa miaka sita, kisha mwaka 1952 akaacha chaki na kuchukua kazi ambayo hapa Tinde hakuna aliyeielewa, nami dada yake Melania nikiwa wa kwanza kutoielewa. Kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza watu wamefanya nini.

Idara ya Uchumi ya chuo kikuu kimoja ng'ambo ya ziwa ilitaka kujua wakulima wa huku wanatumiaje siku zao. Mwalimu wao, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, alizunguka na mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, akachagua nyumba arobaini. Jina lake hatukulishika. Tulimwita Bwana Masaa, kwa sababu kila alichokiona alitaka kujua kinachukua masaa mangapi: kupalilia, kukamua, kusonga ugali, hata kusalimiana. Kwenye kusalimiana sisi Wasukuma tulimvurugia hesabu kabisa.

Kalisti akapewa baiskeli, saa ya mkononi na mkoba wa fomu. Kila Ijumaa na Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za kila mtu mzima kwa kila moja ya siku saba zilizopita. Fomu ilikuwa na safu sita. Tano za kwanza zilikuwa shamba, mifugo, nyumbani, safari na ugonjwa. Ya sita ilisema "bila kazi", na wiki nyingi ilibaki tupu, maana ni mwanaume gani atakubali mambo kama hayo mbele ya mkewe? Jumatatu Kalisti alipeleka fomu stesheni ya Shinyanga, zikapanda treni hadi Mwanza, halafu meli.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa namba ishirini na tatu, kwa sababu mwenye namba hiyo alihama na ng'ombe zake na pengo likatakiwa kuzibwa. Kwa hiyo kila wiki kaka yangu alikaa kwenye kigoda mbele ya mke wake, Mbuke, akamuuliza kwa sauti ya kiofisi:

"Jumatatu ulifanya nini?"

"Nililima, Bwana Karani," Mbuke anajibu kwa adabu zote. "Halafu nikampikia mume wangu, mtu msumbufu sana huyo."

"Safu ya kwanza na ya tatu," anasema Kalisti, na anaandika bila kucheka. Mbuke ndiye anayecheka, mpaka anashika tumbo. Alikuwa na mimba yao ya kwanza.

Mwezi wa Desemba mvua zilishika vizuri na kila jembe likawa shambani. Jumapili ya wiki ya pili Mbuke akashikwa na uchungu. Mkunga wetu alikuwa jirani, bibi tuliyemwita Mayu Limi. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye aliwapokea nusu ya watu wa Tinde, nikiwemo mimi. Jumatatu alfajiri mtoto alitoka hana pumzi, na kabla ya saa tatu Mbuke naye akafuata. Nilikuwepo. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Tulimzika jioni ileile. Kwetu, mtu akifa majirani hawagusi jembe mpaka matanga yaanuliwe siku ya nne. Mvua inyeshe, magugu yaote, hakuna anayekwenda shambani. Watu wa zile nyumba arobaini, na wengine ambao hawakuwa kwenye fomu, walikaa uani kwetu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, wanawake wakilala chini kwenye majani na wanaume wakikoka moto. Kalisti hakulia. Alikaa kwenye kigoda kilekile. Akipewa pole anaitikia, akipewa uji anakunywa, akiambiwa alale analala. Nilijua yuko mbali, sikujua ni wapi.

Ijumaa asubuhi nikamkuta anafuta matope kwenye baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Ni Ijumaa."

"Kalisti!"

"Fomu zinatakiwa Jumatatu, Melania."

Nilimfuata kwa miguu hadi nyumba ya kwanza, nikiwa na hasira ya kuipiga mawe baiskeli. Mwenye nyumba, mzee Mageni, alikuwa ndiyo kwanza analishika jembe lake tangu msiba. Alimtazama kaka yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Kalisti akafungua mkoba, akapanga fomu kwenye goti.

"Mwangaluka, baba. Jumatatu ulifanya nini?"

"Tulikuwa kwako, Kalisti."

"Jumanne?"

"Kwako."

"Jumatano?"

Mzee alitazama chini, akawa anang'oa udongo kwenye jembe kwa kidole. Nikaona Kalisti anapitisha kalamu juu ya safu, anatafuta. Shamba haikuwa. Mifugo haikuwa. Nyumbani ilikuwa kazi za nyumba yako mwenyewe, si ya jirani. Safari, kwa maelekezo ya fomu, ilikuwa mwendo wa kuzidi maili tano, na kwetu hapakufika hata nusu maili. Maelekezo yalisema asiyefanya lolote katika hayo awekwe safu ya sita. Akaweka sita, mara nne, kwa mwandiko wake mzuri.

Nyumba ya pili wakamwambia tulikuwa kwako. Ya tatu vilevile. Mimi nilirudi nyumbani, yeye akaendelea siku mbili, na nyumba zote zikamjibu hivyo. Jumamosi jioni akaandika ya kwake. Yeye mwenyewe alijiwekea sita nne kama wengine. Kwa Mbuke palikuwa na kisanduku cha walioondoka: aliyehama namba moja, aliyeolewa namba mbili, aliyekwenda kazini namba tatu, aliyekufa namba nne. Akaweka nne, akapiga mstari kwa rula.

Nikahamia kwake kumpikia. Mwaka ule wote alikuwa kama mtu anayeishi nyumba ya kupanga. Anaamka, anakwenda, anarudi, anakula kilichopo. Sikumbuki aliniuliza jambo hata moja ambalo halikuwa kwenye fomu.

Mwezi wa saba kikaja kijitabu, taarifa ya mwaka ya Idara. Kalisti alijua Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili tukiwa tunapukuchua mahindi. Wanafunzi kumi na wanne walifaulu mtihani wa mwisho. Somo jipya la biashara ya mazao lilianzishwa. Mhadhiri mmoja alipata shahada ya udaktari. Lakini fahari ya Idara mwaka ule ilikuwa utafiti wa Tinde. Waligundua kwamba katikati ya msimu wa kulima, watu wazima wote wa nyumba arobaini walikaa siku nne mfululizo bila kazi. Kwa hiyo, kilisema kijitabu, mkulima wa huku ana nguvu za ziada zinazoweza kutumiwa kwingine bila shamba kupungukiwa.

Mahindi yalinidondoka. "Hizo ni siku za Mbuke!"

"Nimeziandika mimi," akasema. Akakifunga kile kijitabu na kukitazama jalada. "Wamekipiga chapa vizuri."

Niliumia kuliko siku ya mazishi, nasema kweli. Siku ya mazishi angalau watu walikuwa upande wetu.

Oktoba Bwana Masaa alikuja mwenyewe kutusomea matokeo kwenye baraza la mwanangwa. Alifuatana na ajenti wa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, aliyekuwa anatafuta wanaume wa kuchimba. Watu wakakaa chini. Mkalimani akawa nani? Kalisti. Akasimama kando ya yule Mzungu, mikono nyuma kama mwanafunzi, akageuza kila sentensi kwa Kisukuma, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza.

"Bwana anasema anawashukuru. Bwana anasema ninyi ni watu wa bidii. Lakini mwezi wa Desemba, siku nne, hamkuwa na kazi."

Watu wakatazamana. Mayu Limi, aliyekuwa amekaa mbele miguu kainyoosha, akainua mkono.

"Mwanangu, muulize ni siku zipi hizo."

Kalisti akauliza. Bwana Masaa akapekua karatasi, akazitaja. Kalisti akazigeuza: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, wiki ya pili. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwambie mimi nilikuwa na kazi siku hizo," Mayu Limi akasema, bila kupandisha sauti. "Mwambie nilikuwa namlilia Mbuke."

"Anasema nini?" Bwana Masaa akauliza.

Nilidhani sasa kaka yangu atalia, au atampiga mtu, na ningemsaidia. Akajibu kwa sauti ileile ya kiofisi. Baadaye alinieleza maneno yake: "Anasema siku hizo walikuwa kwenye msiba wa mke wangu."

Yule Mzungu akavua kofia. Akaona aibu, sitamsingizia, masikio yalimwiva kuliko magoti. Akamuuliza Kalisti kwa nini hakuandika hivyo. Kalisti akafungua mkoba, akamwonyesha fomu, safu sita. Bwana Masaa akaitazama kwa muda mrefu, fomu aliyoitunga mwenyewe, akasema atasahihisha kwenye taarifa ijayo.

Ila lori la ajenti lilikuwa limeshafika. Mwanangwa alishaahidi watu, kwa kuwa kitabu kilisema wapo wa kutosha. Wanaume kumi na tisa walikwenda Geita msimu ule, na mdogo wetu Marselino akiwa mmoja wao. Pamba yetu ilimezwa na magugu. Marselino alirudi baadaye na blanketi jipya na kikohozi, na hicho kikohozi anacho mpaka leo.

Fomu mpya zilikuja na mwaka mpya. Nilizihesabu safu mwenyewe, maana hata asiyejua Kiingereza anaweza kuhesabu. Sita.

Januari 1954, siku ya Jumanne, Mayu Limi akafariki akiwa usingizini. Majembe yakalala. Kalisti alikwenda kukaa na wenzake wanaume, na siku ya pili, watu wakiwa wanapewa uji, akaangua kilio. Alilia akiwa ameshika bakuli, uji ukamwagikia magoti. Wanawake walishangaa, wakasema amemlilia Limi kuliko watoto wake wa kuwazaa. Mimi sikushangaa. Nilikwenda nikamtoa bakuli mkononi, nikakaa karibu yake.

Ijumaa matanga yakaanuliwa. Alirudi nyumbani, akajinyoosha kwenye mkeka. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, mkoba umening'inia kwenye usukani.

"Ni Ijumaa," nikamwambia.

"Najua."

Hakuinuka. Jumamosi pia hakuinuka. Jumatatu hakuna fomu iliyopanda treni, na fomu za wiki ile zote arobaini nilizikuta mkobani, safi kama zilivyotoka kiwandani. Bwana Masaa aliandika barua moja kuulizia, kisha ya pili. Kalisti hakujibu. Baada ya Pasaka alikuja karani mwingine kutoka Shinyanga, akachukua baiskeli, saa na mkoba.

Mwezi wa saba kijitabu kikaja tena, sijui ni nani aliyesahau kuliondoa jina lake kwenye orodha. Tulikaa mahali palepale. Wanafunzi kumi na saba walifaulu. Makala nne zilichapishwa. Nikamwambia aruke hayo, anitafutie masahihisho. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Kuhusu siku nne za Desemba hapakuwa na neno hata moja.

"Na sisi je, hatumo kabisa?"

"Tumo," akasema. Akanisomea polepole, kidole kikiwa chini ya mstari: takwimu za kuanzia Januari hadi Pasaka hazipo, kutokana na uvivu wa karani wa Tinde.

Nikaanza kutukana. Akanizuia kwa mkono. Aliingia ndani, akatoka na rula yake ya zamani na kalamu, akapiga mstari chini ya sentensi ile, umenyooka sawasawa.

"Angalau safari hii mvivu ni mmoja tu," akasema.

Kisha akaniuliza kama mtama wetu umeshakauka wa kuvuna. Nikamwambia twende ukauone mwenyewe.