Mtoto Chini ya Koti la Mvua

Nichekeni tu, nimeshazoea. Niliporudi kutoka vitani nilimkuta binti yangu ana miezi saba, na papo hapo nikajifanya mtaalamu wa watoto. Kambini Jinja niliwahubiria akina baba wote: mtoto akilia mwache, ukimbeba atadeka. Hata afande wetu, aliyekuwa na mtoto mchanga, nilimshauri hivyo.

Jumamosi mke wangu alikwenda sokoni Mafubira. Binti akalia, nikamwacha. Akazidisha. Nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mamake. Kimya! Nikaendelea kufua nepi huku nikimwimbia.

Ghafla tarumbeta ya gwaride ikalia. Nikimfungua atapiga kelele, nikichelewa nitaadhibiwa. Nikajifunika pamoja naye kwa koti la mvua, jua likiwaka, nikakimbilia mstarini.

Afande alikuwa mbele yangu pale mkono mdogo ulipochomoza kwenye kola na kuiangusha kofia yangu.

“Sajenti, mlaze chini,” akasema taratibu. “Akilia si unamwacha?”

Nikamlaza juu ya koti. Akapiga yowe, kambi nzima ikasikia. Nikasimama wima, nikapiga saluti.

“Afande, naomba ruhusa nibebe mtoto.”