Jina Nililoliondoa Kwenye Kikosi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo hakuniuliza nimesomea nini. Aliniuliza kama naijua raga. Nilisema ndiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeusoma mchezo huo kitabuni, kisha nikakaa wiki nzima nikijiuliza kama huo ulikuwa uongo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa hesabu na michezo katika chuo kidogo cha ufundi, Old Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi.

Msimu huo hatukufungwa hata mara moja, nami nilishangaa kuliko nilivyofurahi. Vijana wetu walikuwa wembamba. Nyama waliiona Jumapili. Nikaanza kuandika sababu daftarini: viatu, upepo, bahati. Sababu yenyewe niliikuta katika soko la Kalerwe, tulikokwenda kununua matoke. Lori la chuo lilikuwa na betri iliyokufa, na mpya haikupatikana mjini kote. Kila safari, wale wanane wanaocheza skramu, yaani kusukumana na wanane wa upande wa pili kuugombea mpira, walilisukuma mpaka liwake. Waliinama pamoja, wakavuta pumzi pamoja. Aliyewahesabia alikuwa Opio, namba nane, anayeifunga skramu kwa nyuma.

"Mwalimu, ulidhani tunafanya mazoezi saa ngapi?" akaniuliza, na wenzake wakacheka.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya kambi moja ya jeshi, uwanjani kwao. Siku hizo mtu aliweza kuchukuliwa kwa neno moja tu, sembuse kwa kumwaibisha mwanajeshi mbele ya wenzake. Nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo nikitumaini ataiahirisha. Akasema kikosi ni changu.

Desturi ilikuwa mwalimu kubandika majina ubaoni jioni ya kuamkia mechi. Nililiondoa jina la Opio, nikabandika karatasi, nikatoka kwa geti la nyuma kabla mtu hajaisoma.

Kipindi cha kwanza skramu yetu ilisukumwa ovyo, tukawa nyuma. Wakati wa mapumziko, Meja aliyeiongoza kambi alinijia.

"Mwalimu, namba nane yako iko wapi?"

Nikasema anaumwa. Vijana wakageuka kumtazama Opio, aliyesimama nyuma yangu, mzima kabisa.

"Huyu ndiye naumwa?" Meja akamtazama juu mpaka chini. "Mimi naleta askari yangu kuona timu haijapigwa. Wewe unaniletea timu ya kunibembeleza. Nani alikuomba?"

Nilimweleza kwamba sheria inaruhusu kubadilisha mchezaji aliyeumia tu. Akamgeukia mwamuzi.

"Basi ile ilikuwa mazoezi. Anza tena."

Mwamuzi alikuwa sajini wake. Akayafuta matokeo.

Tulishinda kwa trai moja, mpira ukiwa umewekwa chini nyuma ya mstari wao na Opio akiwa chini ya rundo la watu. Meja akamwendea Opio, akampa mkono, akasema, "Sasa nimeona," akaondoka. Nilihesabu wachezaji wangu mara tatu kabla lori halijawaka.

Njiani Opio alikaa karibu nami. Hakuwa na hasira.

"Ungeniambia unaogopa, ningekaa nje bila kinyongo," alisema. "Hata sisi tuliogopa. Lakini ulibandika karatasi, ukakimbia."

Baadaye nilihamishiwa chuo cha Jinja, kisha cha Mbale, ambako nilistaafu. Bado najiuliza ingekuwaje kama Meja angeamka vibaya siku ile; sidhani hofu yangu ilikuwa ya kijinga. Walimu vijana wakija nyumbani kuniuliza timu hupangwaje, huwaambia nilivyofanya katika vyuo vile viwili vya mwisho: niliwaita wote, na jina la aliyeachwa nililitamka kwanza, pamoja na sababu, naye akinitazama.