Tundu Karibu na Mlango

Gunzi la hindi linaloungua polepole lina harufu yake peke yake. Kuni zina moshi mkali wa kutoa machozi. Makaa hayana moshi wa kuonekana, na hayo tutayafikia, msinikimbize. Lakini gunzi, ukiliwasha ncha kisha ukapuliza mwali ukazimika, hubaki na kidoti chekundu na uzi mwembamba wa moshi wenye harufu tamu kidogo, kama mahindi ya kuchoma yaliyosahauliwa mekoni. Mwezi wa saba uliopita nilikuwa nimepiga magoti katika nyumba ya Baba, huko juu ambako majani chai yanapakana na msitu, nikipitisha gunzi kama hilo kwenye ukuta wa mbao. Harufu ikanipiga puani, na mimi mtu mzima mwenye watoto nikajikuta niko darasa la tatu.

Nyumba ile ilijengwa na babu kwa mbao zilizopasuliwa zikiwa bado mbichi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuoa. Mbao mbichi hunywea zikikauka, na hizo zilinywea miaka yote, kila ubao ukijitenga na mwenzake. Mimi nilipopata akili nyumba ilikuwa nyufa tupu. Asubuhi jua lilichora mistari sakafuni, nasi watoto tulidhani ni urembo. Mjomba wetu wa Siakago, aliyezoea joto la huko chini, alilala kwetu siku moja tu. Alilala na koti na viatu, asubuhi akaaga kabla ya chai.

Msimu wa baridi tunauita gathano. Ukungu hushuka kutoka mlimani ukakaa juu ya majani chai, jua likawa la kusikia tu kwa watu. Nguo hazikauki. Kuni hutoa povu badala ya kuwaka. Ni katika gathano ndipo Mama aliporudi kutoka hospitali na dada yangu, mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Muuguzi alikuwa amemwambia Mama mengi, lakini lililobaki midomoni mwa kila mtu nyumbani ni moja: mtoto huyu asipate baridi.

Mama alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya sweta mbili na leso. Niliruhusiwa kuchungulia uso tu, na uso wenyewe ulikuwa mdogo, umejaa makunyanzi, midomo ikigeuka rangi ya zambarau kila mlango ulipofunguliwa. Niliogopa kumpenda. Nilikuwa nimemsikia mama mmoja wa kanisa akimnong'oneza mwenzake nje, "Huyo ni mgeni wa kupita." Nilikimbilia kwa ng'ombe nikalia huko, kwa sababu ng'ombe haulizi maswali.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze jina langu. Naitwa Wawira. Cucu, yaani nyanya yangu mzaa baba, naye aliitwa Wawira. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hapewi jina tu, anakuwa yeye. Kwa hivyo Baba hakuniita Wawira hata siku moja. Aliniita Mama. "Mama, shuka kwa huo mti utavunjika mguu!" angepiga kelele, na wageni wasiotujua wakageuka kutafuta mwanamke mzima mtini. Cucu ndiye aliyezidisha. Yeye aliniita mimi. "Hebu mwiteni mimi aniletee maji." Nilizoea.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, kwa hivyo joto lililetwa nyumbani kwa chupa. Tulichemsha maji, tukamimina kwenye chupa, tukazivisha soksi za Baba na kuzipanga kitandani kandokando ya Mama. Ukigeuka zimepoa. Tunachemsha tena. Kuni kavu zilizopangwa chini ya mabati zilikuwa zikiisha tukiangalia, na msituni kulikuwa kumelowa chepechepe. Cucu, aliyeishi kibanda cha pili hapo hapo uani, alikuja akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni. Aliona leso ya mlangoni ikipepea na mlango umefungwa.

"Kwani mnaipasha joto nyumba hii," akasema, "ama mnaupasha mlima?"

Kesho yake aliniondoa shuleni bila kumwuliza mtu. Akawasha gunzi, akalipuliza, akanionyesha kulipitisha polepole kwenye kila kiungo cha mbao. Pasipo na upepo moshi unapanda wima. Penye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, moshi unashtuka na kurudi nyuma. "Hapa, Cucu!" ningesema, naye anakuja na dawa yake. Ufa mpana aliujaza matambara ya gunia aliyoyasokota na kuyasukuma ndani kwa kisu butu. Mwembamba aliuziba kwa magazeti yaliyolowekwa na kupondwa na majivu. Chini, ambapo mbao zilikutana na sakafu, alisiriba udongo na mavi ya ng'ombe. Juu ya yote tulibandika magazeti kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kulikuwa na picha ya mwanasiasa fulani mnene, na Cucu aliibandika kichwa chini miguu juu. "Akae hivyo, asisikie mambo yetu," alisema. Mama akacheka kule kitandani, mara yake ya kwanza tangu arudi.

Sikudhani nyumba inaweza kuvuja mahali pengi hivyo. Chini ya fremu ya dirisha, juu ya mlango, nyuma ya kabati ya vyombo, mahali msumari ulipong'olewa. Tulizunguka chumba chote, na tulipokaribia kumaliza nikafika ukuta ulio kando ya mlango. Hapo, kimo cha goti, palikuwa na tundu palipodondoka kifundo cha tawi kwenye ubao. Ngumi yangu ingepita. Moshi wa gunzi ulirushwa usoni mwangu.

"Cucu! Hapa pana tundu zima!"

"Hapo patabaki."

"Lakini upepo wote unapita—"

"Hapo patabaki, nimesema!"

Hakuwahi kunikaripia hivyo. Nilitazama gunzi langu.

Baba alirudi jioni, akapapasa kuta, akafurahi kama mtu aliyejengewa nyumba mpya. Kisha akaliona lile tundu. Alichonga kipande cha msonobari, akakipigilia humo. Asubuhi kipande kilikuwa kinachemsha maji ya chai. Akachonga kingine. Cucu akakitoa kwa mchi, akisukuma kutoka nje huku anaimba wimbo wa kanisani. Wakati huo nilicheka. Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto wake akigeuka rangi, na mama yake mzazi anapigania tundu.

"Mama, upepo unaingia hapo."

"Hapo patabaki."

Siku chache baadaye akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni na birika la uji mkononi, kama ilivyo desturi. Mmoja wao, mwenye uwezo kuwashinda, alileta gunia dogo la makaa. Walipoondoka Baba aliwasha jiko nje hadi makaa yakawa mekundu, akaliingiza ndani na kuliweka karibu na kitanda. Akafunga mlango, akachomeka tambara kwenye tundu.

Jamani, joto! Lilitufikia hadi kwenye mifupa. Mama alifungua kitambaa cha kichwa. Midomo ya mtoto ilikuwa ya waridi, niliiona mwenyewe. Nilinyoosha mikono juu ya jiko nikawaza kwamba sasa huyu hatapita tena, sasa ni wetu, na nikaanza kumpenda hapo hapo.

Cucu aliingia na ndoo kutoka kukama. Ndoo ilimtoka mkononi, maziwa yakamwagika sakafuni, yeye aliyekuwa akinigombeza kwa tone moja. Alilikamata jiko kwa pembe za leso yake, leso ikaanza kuungua, na bado hakuliachia hadi alipolitupa uani matopeni. Akarudi akang'oa lile tambara, akafungua mlango na dirisha wazi kabisa. Ukungu ukaingia. Mtoto akaanza kulia kile kilio chake kama cha paka.

Baba alikuwa mtu mpole. Siku hiyo alipiga kelele hadi majirani wakasikia.

"Mama! Unataka mtoto wangu afe?"

Nilikuwa nimesimama karibu na Cucu. Niliona mdomo wake ukifunguka, ukakaa hivyo, ukajifunga. Viganja vyake vilikuwa vimeungua na kuanza kutoa malengelenge, naye hakuviangalia.

"Makaa hayalali na mtoto," akasema, taratibu sana.

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia kwa moyo wangu wote wa utoto. Niliona yeye ndiye upepo wenyewe. Na jioni hiyo alipovua blauzi, akamchukua dada yangu na kumlaza kwenye kifua chake kikuukuu ili Mama apate usingizi, nilikaa kitandani nikimchunga, nisije nikaacha amdhuru mtoto. Baba hakusema naye. Alipitisha gathano yote akimsalimia tu kama mgeni.

Dada yangu aliishi. Mbao zilizozibwa zilishika joto, chupa za maji zikaanza kukaa moto hadi tukasahau kuzibadilisha, na kuni za akina mama zikatosha. Jua liliporudi alikuwa na mashavu. Leo ni mwanamke mrefu kuliko mimi, anafanya kazi ofisini, na anapenda kunichagulia nguo bila kuombwa.

Miaka mingi ikapita. Niliolewa, nikapanga nyumba mtaa wa Majimbo pale mjini Embu, nikapata mtoto wangu wa kwanza, na kwa bahati mbaya ilikuwa gathano. Cucu, mzee sasa, aliletwa kumwona. Alipoingia hakumtazama mtoto kwanza. Aliangalia madirisha yangu niliyoyafunga kwa selotepu pembe zote, kisha akaliona jiko la makaa pale kwenye kona, likisubiri kuwashwa. Akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa bado na makovu.

Akaniambia kwamba kabla ya Baba kulikuwa na Igoki. Nililijua jina hilo. Shangazi aliyekufa na homa akiwa mdogo, ndivyo tulivyoambiwa sote, Baba pia. Haikuwa homa. Ilikuwa gathano, babu yuko mbali kwa kibarua, na Cucu, mwanamke mwenye bidii, alikuwa ameziba kila ufa wa nyumba yake, hiyo hiyo tuliyokulia, kwa mikono yake. Akaingiza karai la makaa, watoto wapate joto, akaenda kuteka maji. Alimlaza Igoki kitandani, mahali pazuri, akamfunika vizuri. Baba alikuwa mchanga na alikuwa analia hanyamazi, kwa hivyo alimlaza juu ya gunia kando ya mlango, amwinue upesi akirudi.

Aliporudi, Igoki alikuwa amelala, na hakuamka. Baba alikuwa anahema kwa taabu, uso umegeukia ukuta, kwenye tundu la kifundo kilichodondoka.

"Tundu hilo sikuliona nilipokuwa naziba," Cucu alisema. "Ningeliona, ningeliziba."

Nilikuwa nalia. Nilimwuliza mbona hakumwambia Baba, hata siku ile ya jiko.

"Nimwambie nini? Kwamba dada yake alikufa kwa sababu nilimpa kitanda kizuri? Ama kwamba yeye yuko hai kwa sababu alikuwa msumbufu? Angelala vipi na hayo?"

"Na mbona unaniambia mimi?"

"Sijakuambia," akasema. "Najikumbusha. Wewe si ni mimi?"

Jiko lile nililitoa nje siku hiyo hiyo. Cucu alitutoka miaka michache baadaye, na Baba alimlilia kaburini kama mtoto. Watu hao wawili walikuwa wamepatana zamani, lakini lile la jiko halikuwahi kuzungumzwa. Siku ile Baba alipomwuliza kama anataka mtoto afe, jibu lilikuwa mdomoni mwake tayari. Nililiona likija. Alilimeza, akakubali aonekane mama mbaya mbele ya mwanawe, mbele ya mkaza mwanawe na mbele yangu, na nikamhesabia hayo kama ukatili kwa miaka mingi. Nikikumbuka jinsi nilivyokaa kitandani nikimchunga, roho inaniuma.

Basi mwezi wa saba uliopita nilikwenda kwa Baba. Ni mzee, kifua kinamsumbua, na dada yangu amemnunulia hita ndogo ya stima inayokula tokeni vibaya sana, kwa sababu magazeti ya Cucu yalichanika zamani na nyumba imerudi kuupasha mlima. Nilikuwa nimebeba mikebe ya lile povu la kuzibia linalofura na kuganda, kutoka duka la hadweya. Lakini kutafuta nyufa nilitafuta kwa gunzi. Baba alinifuata chumba kizima na kiti chake, akinisimamia kazi. Ufa hapa, ufa pale. Mchana ulipofika nyumba ilikuwa imetulia, hita akaizima mwenyewe, na mimi nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Mama," akaniita. "Umeruka hapo kando ya mlango."

Sikuweza kugeuka mara moja. Nililitazama lile tundu, kimo cha goti, kingo zake zimelainika kwa miaka.

"Hapo patabaki," nikasema.

Nilijua ananiangalia. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, akikisogeza mbali na upepo.

"Sawa, Mama," akasema.