Kosa la Bi Verda Kilimani

Mimi ni fundi wa mashine za kukatia nyasi, zile za kukalia na kuendesha, na kuna jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Bi Verda Krantz ana miaka sabini na minne. Tangu mumewe Orval afariki, yeye ndiye aliyekuwa akikata nyasi za makaburi ya kanisa letu hapa Ohio, pale kilimani. Kaburi la Orval alikuwa akilimalizia kwa mkasi, amepiga magoti. Hakuna aliyemwomba. Ndiyo kazi iliyomtoa kitandani baada ya msiba.

Mwezi wa nne aliegesha mashine juu ya kilima, akashuka kuokota maua ya plastiki yaliyopeperushwa na upepo. Mashine ikateremka yenyewe, ikaangusha jiwe la kaburi la akina Ansbach. Alisema aliweka breki. Akarudia kusema. Delbert, mdogo wake Orval, akamshika bega kwa huruma.

"Shemeji, ni umri tu huo. Umesahau, basi."

Baraza la kanisa likapiga kura, kazi akapewa Delbert. Bi Verda akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, akaondoka.

Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi wa tano Delbert akaniletea mashine hiyo. "Wendell, haiwaki hii takataka. Jumatatu watu wanakuja kuweka bendera kwenye makaburi ya askari, na nyasi zimefika magotini."

Nikapima betri, nzima. Fyuzi nzima. Swichi ya kiti nzima. Ukizungusha ufunguo, stata haitoi hata mlio. Nikalala chini, nikamulika tochi kwenye breki. Mashine hizi haziwaki mpaka ukanyage breki hadi mwisho, na pembeni ya pedeli kuna swichi ndogo ya kuhakikisha umekanyaga. Waya mbili za swichi hiyo zilikuwa zimekatwa, zikasokotwa pamoja na kufungwa tepu nyeusi, ili mashine iwake hata breki isipokanyagwa. Sasa tepu ilikuwa imeachia, waya zikaachana.

Ujanja huo kila mwanamume wa huku anaujua. Kilichonitia hasira ni nilichokiona nyuma ya waya hizo. Mkono wa pedeli ulikuwa umepinda. Haukuifikia swichi, wala haukuvuta breki mpaka ikashika. Mashine ilikuwa imekataa kuwaka kwa sababu haina breki, na mtu akaiziba mdomo.

"Nani alisokota waya hizi?"

"Mimi," akasema Delbert, anakunywa kahawa yangu. "Mwezi wa tatu. Ilikuwa inamsumbua shemeji, nikamsaidia."

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini sasa? Si iliwaka?"

Nilitamani kumtwanga spana. Nikavuka barabara hadi nyumbani kwa Bi Verda, nikamleta akiwa bado amevaa aproni. Nikamwonyesha waya, nikamwonyesha pedeli. Akapanda, akaweka gia katikati, akakanyaga breki mpaka chini, akavuta kishikio cha kuifunga. Akashuka.

"Isukume, Delbert."

"Ah, shemeji, tusianze..."

"Isukume!"

Akaisukuma kwa mkono mmoja. Ikaenda yenyewe kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, ikagonga meza yangu.

Delbert akawa mwekundu mpaka masikioni. "Jumapili nitawaeleza baraza. Utarudishiwa kazi yako, yaishe."

"Yaishe?" Sauti ilikuwa inamtetemeka Bi Verda, na si kwa uzee. "Wiki sita nimeishi najiogopa mwenyewe. Gari nimeacha kuendesha. Jiko siwashi, nisije nikachoma nyumba, nakula mkate na siagi ya karanga kama mfungwa. Nimekwenda kwa Orval nikamwambia akili zinaniondoka, anisamehe nikilisahau jina lake. Nikalia pale kama mtoto! Na wewe ulikuwa unajua umekata waya."

"Sikufikiria kama..."

"Ukafikiria mimi ndiye mjinga. Hilo lilikuwa rahisi."

Nikaokota spana, nikasema pedeli nitainyoosha sasa hivi, waya nitarudisha, na kesho asubuhi atakata nyasi zake. Nilijiona mtu mwema sana. Bi Verda akanigeukia.

"Na wewe, Wendell. Wewe ni fundi, na umo kwenye baraza. Kabla hujanyoosha mkono kupiga kura, uliiangalia hii mashine?"

Sikuwa nimeiangalia.