Kamati ya kitongoji ilipokwama jikoni kwa mama yangu, Nyang'hwale

Wakuu, nawasalimu wote, mlioamka na mnaojigeuza bado kitandani.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo naandika kwa sababu moyo umejaa. Anayetaka kusema hii ni chai aje Kharumwa, nitamfikisha hadi mlangoni na kiti atapewa.

Kidogo kuhusu mimi. Naishi Kambarage, Shinyanga mjini, nauza vipuri vya pikipiki. Mama yangu anaishi peke yake kwenye kitongoji kimoja nje ya Kharumwa, wilaya ya Nyang'hwale. Baba alishatangulia mbele za haki. Nimembembeleza mama ahamie mjini mpaka mdomo umekauka. Hataki. Anasema mjini watu wanafunga geti mchana kweupe.

Kilichokuwa kinaninyima amani ni macho yake.

Mama ana macho mekundu. Wa kanda hii mmeshanielewa, ngoja niwaeleze wengine. Kwetu mwanamke akizeeka, akawa mjane, halafu macho yakawa mekundu, watu wanaanza kumtazama kama mchawi. Ng'ombe wa jirani akifa, anatazamwa yeye. Mtoto akiugua, anatazamwa yeye. Kuna bibi huku wameuawa kwa hilo hilo, siwezi kuzunguka. Kila simu ya kutoka nyumbani ilikuwa inanishtua.

Nilishampeleka hospitali, akapewa dawa, macho yakatulia. Akirudi kwake, hazipiti siku nyingi yameshakuwa mekundu tena.

Tuje kwenye kisa chenyewe.

Kitongoji chao kipo jirani na machimbo madogo. Akina mama wengi wanashinda karashani, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Wao wanaponda mawe, watoto wamekaa pembeni kwenye vumbi. Wakikua kidogo wanazurura kwenye mashimo yaliyoachwa.

Siku moja Milembe, binti mdogo wa jirani yetu Mama Milembe, akadumbukia kwenye shimo mojawapo. Mungu ni mwema, lilikuwa limeshajaa udongo mpaka karibu na juu. Alitolewa na michubuko na kilio tu.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Masanja, akaitisha mkutano wa kupanga namna ya kuwalinda watoto na kuboresha kitongoji. Afisa maendeleo wa kata akaja, dada mmoja mpole sana. Akasema mpango hauji na yeye kwenye begi, wenyewe ndio wauchore. Watu wakachora kitongoji chao chini kwa majivu, nyumba zikawa vijiti, mashimo yakawa maganda ya karanga. Akina mama kundi lao, akina baba lao, watoto lao, wazee lao. Mimi nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, nikajikalia nyuma.

Aisee ilipendeza. Ila kuna sehemu walikosea. Wazee waliulizwa wanataka wasaidiwe nini, basi. Hakuna aliyewauliza wao wanaweza kutoa nini.

Mama akasimama. Na mama yangu si mtu wa kusimama mikutanoni.

"Mimi nina uwanja mpana, nina kivuli, na mchana kutwa nipo," akasema. "Nileteeni hao watoto niwaangalie mkiwa kazini."

Hakuna aliyesema hapana. Sisi Wasukuma hatumkatai mtu mzima mbele za watu, tunatazama chini. Mama Milembe akavuta kanga akamfunika mwanawe uso. Mama aliona. Akakaa taratibu, akaanza kung'oa nyasi zilizokuwa mbele yake.

Nilipandwa na hasira. Nilitaka nisimame nimwage povu, potelea mbali. Mama akanitazama mara moja tu, nikatulia. Lakini moyoni nilishaamua. Safari ijayo nakuja na gari, nambeba na godoro lake, atake asitake.

Baada ya mkutano kulikuwa na hatua ya kutembea kukagua viwanja vya kuwaweka watoto. Yule dada akasisitiza kila uwanja uliotajwa ufikiwe, na wa mama ukiwemo. Basi kamati ikaja: Mzee Masanja, dada wa maendeleo, na akina mama wachache akiwemo Mama Milembe.

Nia yao ilikuwa kuangalia wakiwa wamesimama, kisha waondoke. Sasa mgeni afike kwa mama yangu aondoke mdomo mkavu? Haijawahi kutokea. Alikuwa ameshabandika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vinavyochemshwa, tunakula na karanga. Na mvua nayo ikaamua kushuka, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Wote tukakimbilia jikoni.

Jiko la mama ni kijumba cha udongo chenye mlango mfupi, dirisha hakuna. Kuni huku zimekuwa shida, miti mingi inakwenda kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu. Kwa hiyo mama anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka.

Wakuu, ule moshi acheni tu.

Tukavumilia kwa heshima, maana huwezi kumwambia mwenyeji kwamba jiko lake linakuua. Mzee Masanja alikuwa anatafuna huku machozi yanatiririka, anasema "tamu hii, tamu hii". Dada wa maendeleo alikuwa anakohoa ndani ya mkoba wake.

Mvua ikakatika, tukatoka. Mama Milembe akatoa simu ajitazame kwenye kamera, aweke kitambaa cha kichwa vizuri. Akaganda. Akamtazama Mzee Masanja. Akamtazama dada wa maendeleo. Macho ya kila mtu yalikuwa mekundu, yamevimba, yanadondosha.

Akamgeukia mama.

"Bibi, humu unapika kila siku?"

"Kila siku, mjukuu wangu. Nisipopika nitakula nini?"

"Na dirisha mbona hakuna?"

Mama akaonyesha ukutani, mahali ambapo udongo ulikuwa na rangi tofauti.

"Lilikuwepo. Asubuhi moja niliamka nikakuta mtu amerusha mawe ndani. Nikaogopa, nikaliziba."

Mimi mwanawe sikulijua hilo. Hakuwahi kuniambia, kwenye simu kila siku ni mzima, ni mzima. Yaani watu wamemsema, akaziba dirisha, moshi ukazidi, macho yakazidi, wakamsema zaidi. Nililia pale pale uwanjani, mtu mzima na ndevu zangu.

Mzee Masanja hakuhutubia. Aliomba jembe. Akaupiga ule ukuta taratibu mpaka mwanga ukaingia jikoni. Mama Milembe akakanyaga udongo, akasawazisha kingo za dirisha kwa mikono yake.

Mkutano uliofuata, mpango ulichorwa upya. Madirisha ya jikoni na majiko yenye bomba la kutolea moshi yakawekwa juu kabisa. Uwanja wa mama ukawa mahali pa watoto mchana, yeye na bibi wawili wengine wakiwaangalia, akina mama wakipokezana kupika uji. Wazee wa kiume wakapanda ua wa minyaa kuzunguka mashimo.

Nisiwadanganye, siyo wote waliokubali. Kuna familia mpaka leo inawapitisha watoto wao njia ya mbali. Na Mama Milembe mwenyewe mwanzoni alikuwa anashinda pale pale uwanjani, anachambua mboga huku jicho liko kwa mwanawe. Mama alijua kwa nini. Alimwekea kigoda.

Roho yangu bado ilikuwa juu juu. Juzi nikaazima pikapu ya rafiki, nikaenda kumchukua.

Nilimkuta amekaa kwenye jamvi, miguu kainyoosha, Milembe kalala mapajani mwake. Mama Milembe hayupo. Nikasema "Shikamoo mayu", akaweka kidole mdomoni mwake, nisimwamshe mtoto.

Nikachuchumaa, nikanong'ona. "Gari hilo hapo, mama. Twende ukapumzike mjini."

"Na huyu nimwache na nani?"

"Mama yake si atarudi?"

"Atarudi jioni." Akamfukuzia mtoto nzi usoni. "Kaniachia, ng'wanawane, mwanangu. Leo kaenda kazini, kaniachia."

Nikarudi Shinyanga na pikapu tupu. Njia nzima nalia na kucheka peke yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilikuwa nahangaika kumtafutia mama usalama, kumbe yeye alikuwa anasubiri kuaminiwa. Ukitaka kumpangia mzee maisha, nenda kwanza ukakae jikoni kwake.

Sasa nyie mlioacha wazazi vijijini, mpigieni mama leo. Msimuulize kama ni mzima, atasema mzima. Muulizeni anapikia nini, na nani kamtembelea wiki hii. Halafu mje hapa mtuambie alivyojibu.

Na mnaojua kujenga jiko la bomba kwa udongo wa kichuguu, shusheni maelekezo. Wale bibi wawili wengine bado wanapika gizani.